Seva Ikizidiwa: Tukodi Ngao au Tuzibe Nyufa?

MSIMAMIZI WA SEVA: Tuanze na hesabu. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilimiminiwa data kwa kasi ya terabiti 1.35 kwa sekunde. Walioshambulia hawakuhitaji mitambo mikubwa. Walitafuta seva za memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda, zilizoachwa wazi kwenye mlango wa UDP namba 11211, wakazitumia maombi madogo wakijifanya ndio GitHub, na majibu yote yakaelekezwa GitHub. Ombi la baiti 15 liliweza kuzaa jibu la kilobaiti 750. Sisi laini yetu ni gigabiti moja. Programu yetu iwe nzuri itakavyokuwa, njia itajaa kabla ombi la mwananchi hata mmoja halijaifikia. Ndiyo maana nasema mfumo wetu wa vibali uwekwe nyuma ya kampuni ya ngao, inayochuja mashambulio kwenye vituo vyake duniani kote, na uwekwe mwezi huu.

MTENGENEZA PROGRAMU: Dada, unaanza na mafuriko kwa sababu mafuriko hayana wa kulaumiwa. Mimi naanza na ufa. Juni 2009 Robert Hansen alitoa programu ndogo iitwayo Slowloris. Kompyuta moja na intaneti ya kawaida vilitosha kuizima seva ya Apache. Inafungua muunganisho, inatuma nusu ya kichwa cha ombi, kisha kila baada ya muda inaongeza mstari mmoja, na haimalizi. Apache ya wakati huo kwa mpangilio wake wa kawaida ilitenga mchakato mzima kwa kila muunganisho, nafasi 256 basi. Ni wateja 256 waliopanga foleni kwenye madirisha yote ya benki, kila mmoja akitamka herufi moja kwa dakika: milango iko wazi, makarani wapo, na hakuna anayehudumiwa. Laini yako ya gigabiti ingekuwa tupu wakati huo, prosesa imelala.

MSIMAMIZI WA SEVA: Hadithi ya 2009 hiyo. Mwaka uliofuata Apache ilipata moduli ya mod_reqtimeout, na siku hizi kwa kawaida inampa mteja sekunde 20 za kutuma kichwa cha ombi, zikirefuka hadi 40 mradi anaendelea kutuma baiti 500 kila sekunde. Na mbele yake tumeweka seva ya nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa 2004 hasa ili mchakato mmoja ushughulikie maelfu ya miunganisho bila kukaa unamsubiri yeyote. Ufa huo umezibwa. Unanionyesha kaburi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Nakuonyesha ukoo. Tarehe 20 Agosti 2011 ilitolewa hadharani njia nyingine ya kuiua Apache, safari hii kupitia kichwa cha Range, ambacho kazi yake halali ni kumsaidia aliyekatikiwa na upakuaji aendelee pale alipoishia. Mshambulizi aliomba vipande zaidi ya elfu moja vya faili lilelile, vinavyopishana, ndani ya ombi moja, na seva ikajitahidi kuviandaa vyote hadi kumbukumbu ikaisha. Michal Zalewski alikuwa ameshaonya kuhusu jambo hilo 2007. Kiraka kilitoka tarehe 30 Agosti. Desemba ya mwaka uleule, mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde wakaonyesha kwamba PHP, Java, Python, Ruby na ASP.NET zote zinaweza kulemazwa kwa fomu moja iliyojazwa kwa hila.

MHASIBU: Kijana wangu, hayo majina yananipita. Nieleze kama unayeniombea hundi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Sawa, mzee. Ukijaza fomu, programu huhifadhi kila sehemu kwenye jedwali ili iipate haraka. Kila jina hupigiwa hesabu inayolipeleka kwenye kapu lake. Mshambulizi akichagua majina 10,000 ambayo hesabu yake inayapeleka yote kapu moja, basi la pili linalinganishwa na la kwanza, la tatu na mawili yaliyotangulia, na kuendelea hivyo. Milinganisho karibu milioni 50 kwa fomu moja. Aliyeituma ametumia bando la senti chache. Sisi tumelipa kwa prosesa nzima. Crosby na Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice walilieleza hili waziwazi mwaka 2003. Lugha ya Perl ikajirekebisha, wengine wakasubiri miaka minane. Microsoft ilibidi itoe kiraka cha dharura tarehe 29 Desemba, watu wakiwa likizo. PHP ikaweka kikomo cha sehemu 1,000 kwa fomu. Udhaifu wote wa aina hii una umbo moja: kuuliza ni rahisi, kujibu ni ghali. Ngao ya dada yangu haibadilishi bei hiyo hata kidogo.

MSIMAMIZI WA SEVA: Vizuri, tuzungumze bei. Ni nani aliyeandika ukurasa wa "Tafuta" unaokubali herufi moja tu, kisha unapekua jedwali zima la vibali tangu mwanzo wa mfumo? Ni nani aliyeamua kwamba kila mtu akifungua stakabadhi yake, PDF itengenezwe upya? Si mimi. Kila wiki naziona kwenye kumbukumbu za seva: ombi moja, sekunde tisa. Anayetaka kutuzima hahitaji kusoma karatasi za Rice. Anahitaji kubonyeza "Tafuta" kwa kasi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Asante, umenisaidia hoja yangu. Hayo ndiyo ya kurekebisha kwanza, na yako mikononi mwetu. Herufi zisizopungua tatu. Matokeo 20 kwa ukurasa. Hoja ya hifadhidata ikipita sekunde mbili, ikatwe. Stakabadhi itengenezwe mara moja na kuhifadhiwa. Neno la siri liwe na kikomo cha urefu, maana Septemba 2013 watengenezaji wa Django, kiunzi cha kuundia tovuti, walilazimika kutoa kiraka baada ya kugundulika kwamba neno la siri la megabaiti moja lingeikalia seva karibu dakika nzima ikikokotoa. Na mshambulizi hakuhitaji kujua neno la siri la mtu yeyote. Angekosea kwa makusudi, basi.

MHASIBU: Hayo marekebisho yanagharimu nini?

MTENGENEZA PROGRAMU: Mishahara mnayotulipa tayari, na wiki kadhaa ambazo hamtapata vipengele vipya.

MHASIBU: Hizo wiki ndizo ghali. Na ngao?

MSIMAMIZI WA SEVA: Inategemea, mzee. Septemba 2017 kampuni ya ngao ya Cloudflare ilitangaza kwamba haitamtoza mteja kwa ukubwa wa shambulio, hata aliye kwenye mpango wa bure.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mwambie na habari ya Krebs.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mwambie wewe, unavyoipenda.

MTENGENEZA PROGRAMU: Septemba 2016 mwandishi wa habari za usalama wa mtandao, Brian Krebs, alipigwa na shambulio la takriban gigabiti 620 kwa sekunde, kutoka kwa kamera na vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na programu ya Mirai. Kampuni ya Akamai ilikuwa ikimlinda bila malipo. Shambulio lilipoanza kuwagharimu wateja wake wanaolipa, ikamtoa. Krebs aliandika kwamba alipouliza bei ya ulinzi wa kiwango hicho alitajiwa kati ya dola 150,000 na 200,000 kwa mwaka. Aliokolewa na mradi wa Google unaowahifadhi waandishi wa habari. Sisi si waandishi wa habari, mzee. Siku tutakayokuwa mzigo, tutaokolewa na nani?

MHASIBU: Kwa hiyo mmoja anataka nimlipe mlinzi anayeweza kuondoka usiku wa wizi, na mwingine anataka nisimamishe ujenzi ili apige plasta. Hakuna aliyeniambia tukizimwa siku moja tunapoteza kiasi gani. Mapato ya vibali yanaingia kwa siku, nayajua. Kwa nini hamkuanzia hapo?

(Mimi mwandishi naingilia kidogo: hakuna aliyemjibu, na nadhani lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyotangulia. Mafundi wengi hupima shambulio kwa gigabiti. Anayelipa mishahara hupima kwa siku.)

MSIMAMIZI WA SEVA: Nitaanzia mahali panapofahamika. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipigwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha tarehe 27 kwamba walijaribu kuulemea mfumo kwa maombi kupita kiasi, ingawa data haikuibwa. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimewekwa mle. Watu wa pasipoti, wa leseni, wageni wa viza, wote wakakwama. Baadaye, Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Sudan na kusema kwamba mashambulio yaliyofanywa kwa zana yao yalizidi 35,000. Watu wawili! Na zana hiyo ilikodishwa kwa wengine. Sasa mzee, adui anakodi silaha, sisi tunaona aibu kukodi ngao?

MTENGENEZA PROGRAMU: Umesikia alichosema Waziri, lakini. Maombi kupita kiasi. Hakusema laini ilijaa. Na huduma 5,000 kwenye mlango mmoja, hapo tayari umemrahisishia adui kazi: anahitaji kupiga mara moja tu. Hakuna ngao inayotibu uamuzi huo.

MSIMAMIZI WA SEVA: Hakuna msimbo unaoutibu pia. Na kama unataka maombi, nitakupa maombi. Agosti 2023 Google, Cloudflare na Amazon waliona kitu ambacho hawajawahi kukiona. Itifaki ya HTTP/2, iliyosanifishwa 2015, inaruhusu maombi mengi kupita kwenye muunganisho mmoja. Seva huweka kikomo, mara nyingi 100 au 128, cha maombi yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Mshambulizi akawa anatuma ombi na papo hapo anatuma amri ya kulifuta. Lililofutwa halihesabiwi kwenye kikomo, lakini seva imeshaanza kulifanyia kazi. Cloudflare ilipokea maombi milioni 201 kwa sekunde kutoka kwa mashine 20,000 hivi. Google ilipokea milioni 398. Nitajie programu yako itakayosimama mbele ya hayo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Hakuna. Lakini soma mwisho wa habari hiyo. Tarehe 10 Oktoba walipoutangaza udhaifu huo kwa pamoja, walimtaka kila mwenye seva aweke kiraka. nginx, Apache, kila mtu. Kwa sababu ufa ulikuwa ndani ya namna itifaki inavyotekelezwa. Aliyekaa nyuma ya ngao akasinzia bila kiraka, siku anwani yake halisi ikijulikana amekwisha. Na anwani halisi hujulikana, dada. Iko kwenye rekodi za zamani za DNS, iko kwenye vichwa vya barua pepe mfumo wetu unazotuma. Mshambulizi anaipita ngao pembeni.

MSIMAMIZI WA SEVA: Ndiyo maana ukikodi ngao unaifunga seva isipokee muunganisho wowote isipokuwa kutoka kwenye anwani za kampuni ile, na barua pepe unazituma kwa mashine nyingine. Unanifundisha kazi yangu?

MTENGENEZA PROGRAMU: Nakuuliza kama imefanyika.

MSIMAMIZI WA SEVA: Nitaifanya nikipewa ngao. Usinidai kufuli ya nyumba ambayo bado mnabishana kama tujenge.

MWENYE SAIBA: Wanangu, naomba nami niseme. Mnazungumzia maombi kana kwamba yanatumwa na upepo. Kwangu watu wanakuja na kitambulisho na noti mkononi, nawajazia fomu. Mama mboga wa kibali cha kibanda, kijana wa bodaboda, mzee wa kichinjio. Kompyuta zangu zote zinatoka nje kwa anwani moja. Mlipoweka hicho kikomo chenu cha maombi kwa kila anwani, kufikia saa tatu asubuhi naambiwa "maombi mengi mno, jaribu baadaye". Siku ya mwisho ya kulipia vibali, mimi ndiye nilikuwa mshambulizi wenu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Pole, mama. Kikomo kile kiliwekwa kwa nia njema. Maombi 60 kwa dakika kwa anwani moja yalionekana mengi.

MWENYE SAIBA: Kwa mtu mmoja ni mengi. Ukurasa wenu ukifunguka mara moja unaita picha, herufi, sijui vitu gani, nimehesabu vinapita ishirini. Watu watatu wakifungua pamoja, nimefungiwa.

MTENGENEZA PROGRAMU: Na si mama peke yake. Anwani za IPv4 ni haba, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja maelfu nyuma ya anwani moja. Ukiifungia hiyo, umefungia mtaa. Vikomo hivi vilibuniwa kwenye nchi ambazo kila nyumba ina ruta na anwani yake. Kuvileta hapa bila kuvipima ni kumsaidia mshambulizi kazi: yeye anataka watu wasihudumiwe, na sisi tunamalizia.

MSIMAMIZI WA SEVA: Sasa unataka nisiweke kikomo kabisa?

MTENGENEZA PROGRAMU: Weka, ila kwa gharama ya ombi. Picha na kurasa tuli ziende bure, hazitulemei. Kutafuta kuwe na kikomo kikali. Aliyeingia kwa akaunti yake apimwe kwa akaunti, anwani isiangaliwe.

MSIMAMIZI WA SEVA: Na ukurasa wa kuingia wenyewe? Hapo bado hana akaunti, na hapo ndipo tunakokotoa neno la siri, kazi ambayo kwa makusudi imefanywa nzito ili wezi wasikisie. Utampima kwa nini? Kwa sura?

MTENGENEZA PROGRAMU: Hapo foleni. Maneno ya siri kadhaa kwa wakati mmoja, wengine wasubiri sekunde chache.

MSIMAMIZI WA SEVA: Foleni ambayo mshambulizi ataijaza peke yake, na mama atasubiri nyuma yake. Unaona? Kila unachozuia kwa haki, kuna anayekigeuza. Kampuni ya ngao inaona tabia za mashine kwenye mamilioni ya tovuti. Mashine iliyoshambulia duka la Brazil jana, leo ikija kwetu wanaijua. Sisi tunaiona kwa mara ya kwanza. Ujuzi huo hatuwezi kuuandika, tunaweza kuukodi tu.

MWENYE SAIBA: Hao wa ngao ndio wale wanaowaonyesha wateja wangu picha na kusema "chagua mabomba ya zimamoto"? Mzee wa kichinjio alinitazama akaniuliza bomba la zimamoto ni lipi. Nikamwambia ni hicho kidude chekundu cha kando ya barabara za Marekani. Akasema, kwa kibali cha nyama?

MHASIBU: (akicheka) Na wakati wote huo ada yetu haijaingia.

MWENYE SAIBA: Tena kuna ule ukurasa unaosema "tunakagua kivinjari chako". Kompyuta zangu za zamani zinakaguliwa mpaka mteja anaondoka.

MTENGENEZA PROGRAMU: Kuna jambo zito kuliko picha, mama. Ili ngao ipime maombi, lazima iyafungue. Usimbaji unaoona kwenye kufuli ya kivinjari unaishia kwao, halafu wanasimba upya kuja kwetu. Maana yake namba za vitambulisho, namba za simu, maneno ya siri, vyote vinapita wazi ndani ya mashine za kampuni ya nje. Februari 2017 Tavis Ormandy wa Google aligundua kwamba seva za Cloudflare zilikuwa zikivujisha vipande vya kumbukumbu, yakiwemo mambo ya siri ya tovuti za wateja, na baadhi vilikuwa vimeshahifadhiwa na injini za utafutaji. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwananchi alitupa sisi data yake. Hakumpa jirani wa jirani.

MSIMAMIZI WA SEVA: Walilizima tatizo hilo ndani ya saa chache. Wewe una maktaba ya kusoma picha ambayo haijapata kiraka tangu mkandarasi aondoke. Usinitajie siri za wananchi.

MTENGENEZA PROGRAMU: Hiyo nakubali. Lakini ikivuja, imevuja ya kwetu tu. Tukirundikana wote nyuma ya kampuni tatu au nne, zikianguka tunaanguka pamoja. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare yenyewe ilizimika dakika 27 dunia nzima. Unajua kwa nini? Kanuni mpya ya ngao, ya kutambua ruwaza za maandishi mabaya, iliandikwa vibaya ikawa inarudia kujaribu bila kikomo, prosesa zikafika asilimia 100. Udhaifu uleule ninaousema, ndani ya ngao yenyewe! Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengeneza programu, walikuwa wameanguka dakika 34 Julai 2016 kwa sababu hiyohiyo: mtu mmoja alibandika maandishi yenye nafasi tupu kama 20,000 mfululizo. Hakuwa hata mshambulizi. Na Novemba 18, 2025, Cloudflare ikaanguka tena. Faili la kutambua roboti lilikua maradufu, programu ikashindwa kulipokea. Mwanzoni wenyewe walidhani wameshambuliwa.

MSIMAMIZI WA SEVA: Dakika 27. Dakika 34. Mara ya mwisho sisi kuzimika tulikaa hivyo siku ngapi?

MTENGENEZA PROGRAMU: Ile haikuwa shambulio.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mwananchi hakuuliza kama ni shambulio.

MHASIBU: Mtu wa wingu aliniletea pendekezo la tatu. Anasema tuhamie kwake, seva zinajiongeza zenyewe watu wakizidi.

MSIMAMIZI WA SEVA: Na mashine za adui zikizidi?

MHASIBU: Nilimuuliza. Zinajiongeza pia. Nikamwambia basi mshambulizi atakuwa anasaini ankara kwa kalamu yangu. Tovuti itakuwa hewani, bajeti itakuwa kaburini. Akasema tunaweza kuweka ukomo. Nikamuuliza ukomo ukifika? Akasema tovuti inasimama. Tukaagana.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mzee, tungeajiri watu kama wewe kwenye uhandisi. Lakini kuna njia ya kupunguza mzigo bila kukodi wala kujiongeza. Tazama NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nchi nzima inaingia saa hiyohiyo. Wanayaweka kama kurasa tuli za HTML, kila shule na ukurasa wake, umeshaandikwa tayari. Hakuna hifadhidata inayoulizwa. Seva ya kawaida inagawa maelfu ya kurasa kama hizo kwa sekunde. Nusu ya vitu vyetu vingeweza kuwa hivyo: ada, masharti, orodha ya ofisi, hata hali ya ombi kwa namba yake.

MSIMAMIZI WA SEVA: Matokeo ya mtihani hubandikwa hadharani. Hali ya kibali cha mtu ni yake. Ukiiandika kwenye ukurasa tuli, asubuhi kila mtu amesoma ya jirani. Ada na masharti nakubali, na ninaweza kuyafanya kesho. Ila usiniambie hayo yatazuia terabiti.

MTENGENEZA PROGRAMU: Ya terabiti yana watu wake. Mei 2000 wahandisi wa intaneti walitoa waraka wa BCP 38 wakiwataka watoa huduma wote wazuie pakiti zenye anwani ya uongo ya mtumaji. Waraka ungetiiwa kila mahali, shambulio la GitHub uliloanza nalo lisingewezekana.

MSIMAMIZI WA SEVA: Tangu Mei 2000! Wewe ulikuwa na miaka mingapi? Naweza kumlazimisha mtoa huduma wa bara jingine aweke kichujio? Nasubiri robo karne nyingine? Mimi sibishi kwamba nyufa zizibwe. Nasema ufa unaozibwa kwa wiki sita hauna maana kwa shambulio la usiku wa leo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Nami nasema ngao itakayowashwa leo itawafanya hawa wakubwa wasiidhinishe hizo wiki sita kamwe. Tutaambiwa tumeshalindwa. Si ndivyo, mzee?

MHASIBU: Ndivyo. Sitakudanganya. Nikishalipa mlinzi, silipi plasta mwaka huohuo.

MSIMAMIZI WA SEVA: Basi tukubaliane jambo moja, hata kama mengine yatangoja. Seva ikizidiwa, kwa ngao au bila ngao, kuna vitu lazima tuvikate ili vingine viishi. Naomba orodha. Kwanza tunazima utafutaji. Pili, stakabadhi za PDF. Tatu, usajili wa watu wapya. Wanaobaki wanalipa na kuondoka.

MWENYE SAIBA: Hapana, mwanangu. Mtu akishalipa kwa M-Pesa, simu yake imepata ujumbe kwamba pesa zimetoka. Yuko mbele yangu. Kwenye kioo hakuna stakabadhi. Anaamini nimekula. Anabonyeza tena, anabonyeza tena, na mimi nabonyeza pia. Mkizima stakabadhi, mtatuma watu mia kubonyeza.

MTENGENEZA PROGRAMU: Mama amesema jambo la kitaalamu hapo. Kubonyeza upya kunazidisha mzigo mara kadhaa, na programu yetu ya simu inajaribu tena yenyewe kila sekunde mbili bila kuongeza muda. Hilo nalibadilisha: sekunde mbili, nne, nane, kumi na sita. Na uthibitisho wa malipo usipitie kwenye tovuti, uende kwa SMS.

MHASIBU: SMS inalipiwa. Kila moja.

MSIMAMIZI WA SEVA: Na ukurasa wa uthibitisho ndio mzito kuliko yote. Unauliza hifadhidata mara mbili, halafu unaiuliza kampuni ya malipo na kukaa unasubiri jibu. Wakichelewa wao, michakato yangu yote inakaa imewasubiri. Nikiuacha wazi wakati wa shambulio, ndio utakaotuangusha.

MHASIBU: Na mimi usajili wa wapya siuzimi. Januari nusu ya mapato ni wapya.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mzee, saa nane usiku niko peke yangu mbele ya kioo. Siwezi kuanza kupiga simu kuuliza nikate kipi. Nataka karatasi yenye sahihi yako.

MHASIBU: Karatasi inayozima mapato? Sisaini.

MSIMAMIZI WA SEVA: Kwa hiyo nikikata, nimekata mimi.

MHASIBU: Na usipokata, umeiacha iangushwe wewe. Nimeelewa. Bado sisaini leo.

MTENGENEZA PROGRAMU: Nipeni wiki mbili, angalau niufanye ukurasa wa uthibitisho uwe mwepesi. Hapo hautahitaji kukatwa.

MSIMAMIZI WA SEVA: Na hizo wiki mbili nitalindwa na nini?

MWENYE SAIBA: Mkiendelea kubishana, nawaomba kitu kimoja tu. Kwenye huo ukurasa wa "jaribu baadaye", andikeni kwa herufi kubwa kwamba pesa zao mnazo nyinyi, si mimi.